Tope la Mke Mwenzangu

Wanawake walioolewa uke wenza wana wivu wa kila aina. Kuna wivu wa chumbani, wivu wa kitenge, wivu wa nani alisalimiwa kwanza. Huo wote niliuonja, sikatai. Lakini wivu uliokaa kifuani mwangu miaka mingi, ukanifanya niongee peke yangu nikichota maji, ulikuwa wivu wa tope. Tope jeusi la mtoni, la kukanyaga. Lilikuwa langu, kisha likaenda kwa mke mwenzangu bila yeye hata kuliomba.

Tulihamia upande wa Mamba, huko Mpimbwe, katikati ya miaka ya themanini. Tulitoka Usukumani na ng'ombe wetu baada ya malisho kwisha, mume wangu mbele, mimi na watoto nyuma. Mwenzangu aliolewa tukiwa tumeshajenga. Alikuwa binti mpole, mwenye kucheka huku ameziba mdomo kwa kiganja, na tangu siku ya kwanza aliniita dada. Nilimtafutia kosa nikakosa. Hilo nalo liliniudhi.

Mume wangu alikuwa mtu wa haki. Nasema hivyo bila kumsifu, maana kuishi na mtu wa haki ni kazi. Akinunua chumvi anaigawa kwa kikombe kilekile, kwangu kikombe, kwa mwenzangu kikombe. Maziwa hivyo hivyo. Majembe alinunua mawili kwa mpigo. Kitu kimoja tu hakikugawanywa, nacho ni heshima ya nyumba kubwa. Kwetu sisi wageni wakija wanapikiwa nyumba kubwa, kwa mke wa kwanza. Mke mdogo anaweza kusaidia kupepeta na kuleta kuni, lakini sufuria iko kwenye mafiga ya mkubwa. Mgeni akiondoka anaondoka na ladha ya mkono wangu. Hiyo ilikuwa nafasi yangu duniani, na niliishika kwa mikono yote miwili.

Kijiji kilipompa mume wangu maeneo mawili kando ya mto, alituita tuchague. Mimi kama mkubwa nilichagua kwanza. Eneo la juu lilikuwa nyuma ya kona ya mto, kwenye bonde jembamba kati ya vilima viwili vya mawe. Ardhi yake ilikuwa na changarawe, jembe linalia ukilipiga. Eneo la chini lilikuwa tambarare, karibu na nyumba, na masika mto ulikuwa unafurika na kulifunika lote. Mgeni wa huko angeogopa mafuriko. Mimi nilikuwa nimeshawatazama wanawake wa Kipimbwe waliotutangulia hapo, nikaona wanavyoyasubiri. Nikachagua chini. Mtu yeyote mwenye akili angechagua chini, na hadi leo nasema nilichagua vizuri.

Maana mto ule ulikuwa unakuja masika na rangi ya chai ya maziwa. Ulikuwa unapanda ukingo, unatandaa shambani, unalala pale siku kadhaa, halafu unarudi mahali pake. Ukirudi umeacha tope juu ya shamba zima, jeusi, laini, lenye kina cha kiganja. Hilo halilimwi. Wanawake wa pale walinifundisha kupanda kwa kisigino. Unatembea taratibu ukirudi kinyumenyume, unakandamiza kisigino, panabaki kishimo, unadondosha mbegu, unafukia kwa vidole vya mguu. Jembe unaliacha nyumbani. Nilipanda mahindi, kunde na maboga, watoto wakicheza pembeni, na jioni mgongo hauumi. Kiangazi, wakati mashamba ya juu yamekauka na watu wanasubiri mvua, mimi nilikuwa nakata mahindi mabichi.

Ndiyo maana nyumba yangu ilikuwa na chakula wakati wowote mgeni alipotokea. Mwenzangu alipiga jembe kwenye changarawe yake hadi akatoka malengelenge. Nilimpelekea maboga. Yale makubwa sikumpelekea, lakini nilimpelekea.

Kisha wanaume wakaamua kuziba mto.

Walitaka mpunga. Walitaka maji ya kiangazi kwa ajili ya majaruba na kwa ajili ya ng'ombe, na lile bonde jembamba kati ya vilima viwili lilikuwa kama limeumbwa kwa kazi hiyo. Tuta lingekaa chini kidogo tu ya shamba la mwenzangu. Wakakata magogo, wakajaza magunia udongo, wakapanga mawe. Sisi wanawake tulibeba udongo kwa makarai kichwani, kutoka kilimani hadi mtoni, tukiimba. Nami niliimba. Sauti yangu ilikuwa nzuri wakati ule, na ndimi niliyekuwa naanzisha nyimbo. Tuliambiwa kila nyumba itafaidi, nami sikuwa na sababu ya kutoamini. Mvua za kwanza zilipofika, tuta likashika na bwawa likajaa nyuma yake.

Huku kwetu chini mto ukaanza kushuka na maji meupe. Unaona mchanga chini, unaona samaki wadogo wakipita. Tulifurahi sana! Tulizoea kuchota maji na kuyaacha mtungini mpaka tope litulie, sasa tunachota na kunywa. Sare za shule zikatakata. Nilimwambia kila niliyekutana naye mtoni kwamba tuta lile ni baraka, Mungu ametusafishia mto. Mwaka mzima nilisifia kile kitu. Sikujiuliza tope limekwenda wapi, kama mtu anayefurahi chungu hakina masizi bila kujiuliza kama kuna aliyepika.

Masika ilipokolea nikakaa kusubiri mafuriko yangu. Maji yalipanda kidogo, yakalamba ukingo siku moja, yakashuka. Nikaenda na mbegu kwenye pindo la khanga. Shambani yalikuwa yamebaki majani makavu na utando mwembamba unaomenyeka kama ngozi ya mtu aliyeungua jua. Nikakandamiza kisigino. Ardhi ikakataa. Nikasogea pengine, nikakandamiza tena. Ikakataa. Nilirudi nyumbani kuchukua jembe, na majirani zangu wa Kipimbwe walikuwa njiani nao wanarudi kuchukua majembe.

Kiangazi kile nilipanda hadi kwenye bwawa. Nilisema nakwenda kumsalimia mwenzangu. Kweli nilikwenda kuangalia.

Ukisimama kilimani unaliona jambo lote bila kuelezwa na mtu. Upande wa juu mto unaingia bwawani na ile rangi yake ya chai. Katikati unapoa, unatulia. Upande wa tuta maji yanatoka meupe. Tope linaingia, linaketi, halitoki. Jua lilipokausha bwawa, maji yalirudi nyuma kidogo kidogo kila wiki, na kila yaliporudi yaliacha kando yake mkanda wa tope. Mkanda ule ulikuwa ndani ya shamba la mke mwenzangu.

Nilimkuta anapanda kwa kisigino. Nani alimfundisha? Mimi. Alikuwa amenitazama nikifanya. Alikuwa anarudi kinyumenyume huku anaimba peke yake, gauni amelikunja kiunoni, na nyuma yake changarawe yote ya zamani imefunikwa.

"Dada! Karibu. Hebu kanyaga uone lilivyo laini!"

Nikakanyaga. Mguu ukazama hadi kwenye kifundo. Nililijua kabla halijanigusa, kwa harufu. Ni harufu ya majani yaliyooza pamoja na mvua ya kwanza, nimeinusa misimu mingi shambani kwangu, siwezi kuikosea. Nilitamani kukaa chini nilikumbatie na nilitamani kumsukuma mwenzangu bwawani, yote mawili kwa wakati mmoja. Nikamwambia ni zuri, nikaondoka.

Ingeishia hapo ningesema basi, kila mtu na bahati yake. Lakini mto wenyewe ukabadilika tabia. Maji yaliyoacha mzigo wao bwawani yalishuka kwetu kwa mbio, kama mwanamke anayerudi kutoka mashine ya kusaga mikono mitupu, na yalipofika hapo yakaanza kujitafutia mzigo mwingine. Yakachimba chini. Yakachimba pembeni. Kila masika mto ulizidi kudidimia na ukingo wetu ulizidi kuwa mrefu. Tulikuwa tunachota maji kwa kuinama tu, tukafika mahali pa kuchonga ngazi kwenye udongo, na mwaka uliofuata tunaongeza ngazi nyingine chini yake. Mizizi ya miti ikabaki nje inaning'inia. Mfereji niliochimba kuingiza maji kwenye kijaruba changu cha mpunga ukawa mdomo wake uko juu hewani na mto uko chini kabisa. Halafu ukingo ukaanza kumeguka. Unalala shamba liko mahali fulani, unaamka limepungua.

Mikono yangu ikaota sugu. Ya mwenzangu ikalainika, malengelenge yakapona yote. Niliiangalia mikono ile kila tulipokaa kumenya viazi pamoja, na yeye alikuwa ananisimulia habari za watoto, hajui naangalia nini.

Maboga yake yakawa makubwa hadi akaanza kuyapeleka Mpanda kwa lori, safari ya kutwa nzima na mbung'o wa porini wakikuuma njia yote, kuuza sokoni pale Kashaulili. Aliporudi mara ya kwanza alikuwa na vitenge viwili vya rangi moja, kimoja changu. Akanisimulia kwamba mwenye duka mmoja, mzee wa Kiislamu, alimuuliza maboga haya yanatoka wapi.

"Nikamwambia kwetu Mamba, mzee, tumefundishwa kulima na dada yangu, nyumba kubwa."

Alinisifia kwa mwenye duka wa Kashaulili! Mtu anaweza kukufanyia ubaya gani zaidi ya huo? Nilikikunja kitenge nikakiweka chini kabisa ya sanduku, nikamwambia fundi cherehani ana kazi nyingi.

Siku iliyonivunja ni siku alipokuja baba mdogo wa mume wangu kutoka Usukumani. Ilikuwa kiangazi katikati. Nilikuwa na unga wa kutosha ugali mdogo na mlenda mkavu. Huko juu kulikuwa na mahindi mabichi, kunde za kijani, na boga linalojaza sufuria. Mume wangu hakusema neno baya. Alikuna kichwa, akaangalia mlango wa ghala langu, kisha akamwambia mzee, "Baba, twende tukaone bwawa." Nilijua tayari. Waliona bwawa na wakala hukohuko.

Nilimtuma binti yangu awapelekee bakuli la michembe, vile viazi vyetu vikavu, ili angalau kitu cha mkono wangu kiwepo kwenye mkeka. Akarudi nalo jioni. Walikuwa wameonja tu. Usinielewe vibaya, sikulilia chakula. Mgeni wa ukoo alikuwa ameketi penye mafiga mengine na mimi niko hai, na kuanzia siku hiyo kila mgeni angejua njia ya kwenda juu.

Asubuhi nikamfuata mume wangu zizini.

"Baba watoto, wewe ni mtu wa haki au si mtu wa haki?"

Akaacha kukamua. "Kuna nini?"

"Nataka haki yangu."

"Haki gani? Chumvi nimegawa."

"Tope."

Alicheka. Kisha akaona sicheki. "Tope ni la mto, mama. Mimi nagawaje?"

"Chumvi unagawa kwa kikombe. Tope liko kwa mke wako mmoja, mke wako mwingine hana. Nyie wanaume mlifunga mto, mimi nilibeba udongo. Gawa."

Mtu mwingine angenifukuza pale. Yule alikwenda kukaa na jambo hilo siku kadhaa, anatafuna kijiti, na mwishowe akafunga maksai kwenye mkokoteni na kwenda bwawani. Akaanza kusomba tope. Kweli kabisa. Alisomba tope kutoka bwawani hadi shambani kwangu, safari baada ya safari, maksai wanatoa povu, na watu walitoka nje kutazama mtu anayepeleka tope mtoni. Wengine walimuuliza kama na maji atasomba. Aliswaga maksai. Alikuwa anahesabu mizigo kimoyomoyo ili iwe nusu kwa nusu.

Na aliyekuwa anapakia huko juu alikuwa mwenzangu mwenyewe. Alikuwa anajaza mkokoteni kwa koleo, anacheka, ametapakaa tope hadi kwenye nyusi. Mume wangu alinieleza hivyo akidhani nitafurahi.

Nililitandaza tope kwa jembe, pembezoni mwa mto, pale lilipokuwa linakaa nene zaidi zamani. Nikapanda kwa kisigino. Mahindi yakaota! Yakawa ya kijani kibichi kile ambacho macho yangu yalikuwa yamekisahau. Nilipita njia ya mtoni polepole ili watu waniulize, na walioniuliza niliwaeleza kwa urefu. Niliwaza wageni wa kiangazi kijacho, nikapanga hata nitapika nini.

Mvua zikaja, mto ukapanda ndani ya shimo lake na ukaanza kula ukingo kwa chini, mahali ambapo hatukuona. Mzigo wote ule wa tope ulikuwa umekaa juu ya ardhi iliyotobolewa chini. Asubuhi moja nikakuta ufa umepita katikati ya shamba. Nikiwa bado nauangalia, kipande kizima kikainama, polepole, kikaingia mtoni na mahindi yake yamesimama. Niliyaona yakielea wima kwa muda kabla hayajalala.

Nilimpigia mume wangu kelele. Akaja, akasimama, akatazama.

"Nimegawa," akasema. "Nilikuletea nusu yako hadi hapa. Aliyechukua ni mto. Mimi sigawi mara mbili."

Tangu siku hiyo nilitamani tuta livunjike. Sitafuti maneno ya kulipamba hili. Nilitamani mchana kweupe, nikisonga ugali, nikifua, nikisuka nywele za binti yangu. Niliomba liende na magogo yake na udongo wake wote nilioubeba, ili tope lishuke kwangu kama zamani, na huko juu kibaki kile cha huko juu, changarawe.

Ndipo zikaja zile mvua za Elnino. Kila mtu wa umri wangu anazikumbuka kwa namna yake. Mimi nazikumbuka kwa siku ambayo vijana walikuja wanakimbia kutoka juu wanapiga kelele kwamba tuta linakwenda. Maji hayakulipita kwa juu. Yalitafuta upenyo pembeni, pale magunia yanapokutana na kilima, yakapanua, yakaondoka na nusu ya tuta. Watu walikimbilia kwenye vilima. Mimi nilikimbilia mtoni. Niseme nini? Nilikuwa na furaha. Nilisimama nyuma kidogo ya ukingo, kwenye mvua, nikasubiri kilicho changu.

Kikaja. Maji yalikuwa meusi na mazito hata hayarushi povu, na harufu ikanifikia mbele yake. Miaka yote ya tope iko mle ndani. Nikaangalia yanavyopanda. Yalipanda, yakapanda, yakafika mahali pa ngazi za juu, nikasema sasa yanatandaa. Hayakutandaa. Mto ulikuwa umejichimbia shimo refu miaka yote ile ya maji meupe, na mafuriko yote yakatosha ndani yake. Yalipita chini ya miguu yangu, kwa kasi, yakielekea Rukwa. Nilinyoosha mkono kama mtu anayesimamisha lori. Nilipiga kelele, "Simama! Simama!" Maji yakapita siku ile na usiku wake, na asubuhi yalikuwa yameshashuka. Kwenye shamba langu hakikubaki hata kidole kimoja cha tope.

Baadaye tulisikia kwamba watu wa huko chini kabisa, mto unapotanuka kabla ya ziwa, waliamka na mashamba yamefunikwa. Wengine walipata mchanga, lakini wengine walipata lile jeusi. Watu nisiowajua, ambao hawakubeba hata karai moja. Nao pia niliwaonea wivu.

Kitu kimoja nilijifariji nacho: sasa na mwenzangu hana. Mvua zilipokatika nikapanda kilimani nimwone asivyo na kitu. Bwawa lilikuwa limekwenda, kweli. Katikati ya bonde mto ulikuwa umechana njia nyembamba, na tope lililokuwa katika njia hiyo ndilo lililonipita. Lakini pande zote mbili za ile njia lilikuwa limebaki mahali pake. Lilitandaa kutoka kilima hadi kilima, limeanza kupasuka juu kwa jua, na ukichomeka kijiti hufiki mwisho wake. Hatukuwahi kuona ardhi kama ile, si Usukumani wala Mpimbwe. Na yote ilikuwa ndani ya mipaka ambayo mume wangu alimpa mwenzangu siku ile niliyochagua kwanza.

Nilimwendea mume wangu mara ya mwisho. Akasema kile nilichojua atasema, kwamba yeye aligawa mara moja, mbele ya macho yetu sote, na hawezi kumnyang'anya mtu alichopewa. Haki yake ilikuwa nzima, haina hata ufa.

Mwaka ule njaa ilikuwepo. Mvua zilikuwa zimeozesha kila kitu, barabara ya Mpanda ilikatika, na ghala langu lilikuwa na panya tu, nao walihama. Halafu ikaja habari kwamba kaka zangu watakuja kunitazama kiangazi kikishakolea. Hawa hawakuwa wageni wa mume. Walikuwa damu yangu, walionisindikiza nilipoolewa. Wangefika, wangekaa kwenye mkeka wangu, na ingepasa niwaelekeze kwa mke mdogo wakale. Niliwaza kuwatumia ujumbe kwamba ninaumwa, wasije.

Niseme kabisa kwamba walikuja, walikula kwangu mahindi mabichi, walishiba, na mkubwa wao alifungua mkanda. Lakini kabla hawajafika kulitokea hili.

Mwenzangu alikuja asubuhi, amevaa kitenge chake cha Kashaulili, ameongozana na mume wetu na wanawake wa jirani, Wasukuma na Wapimbwe pamoja. Kwetu mtu akikupa shamba anakupa mbele ya watu, ili kesho asije akasema alikuazima. Na anayepokea anapiga magoti, anapokea, anashukuru kwa sauti ili mashahidi wote wasikie. Alisema tu, "Dada, twende." Nikafuata nikijua na nisitake kujua.

Alikuwa ameshapima. Alikuwa amechomeka vijiti sambamba na njia ya mto, amekata bonde lile katikati. Nilitembeza macho pande zote mbili kutafuta ujanja, kwa sababu mimi ningekuwa nao. Nusu aliyonipa ilikuwa ile yenye unyevu, karibu na maji. Yeye alijiachia ile ya upande wa mawe.

Mume wangu alikuwa anaangalia vijiti kwa macho ya mtu ambaye kazi yake imefanywa na mwingine vizuri kuliko yeye. Wanawake walikuwa wananiangalia mimi. Niliwaza kukataa. Niliwaza kusema kwamba hakuna mtu anayepewa mali yake mwenyewe kama zawadi, kwamba tope hili lilikuwa kwangu kabla ya yeye kuolewa. Nikawaza kaka zangu watakaokuja.

Nikapiga magoti, mke wa kwanza, mbele ya mke mdogo, nikanyoosha mikono yote miwili.

"Wabeja," nikasema. Asante. Nilisema kwa sauti kubwa kuliko inavyohitajika, maana ningenong'ona wangesema nina wivu.

Akainama haraka akanishika kwenye viwiko kuniinua, macho yake yana machozi. "Inuka, dada yangu. Usinishukuru. Si tope lako hili?"

Wanawake wakapiga vigelegele hadi vilima vikarudisha. Vigelegele vile vilikuwa vyake.